Choo cha Pinki na Chaguo la Kwanza

Kwa miaka mitatu mfululizo, mtu akipita mtaa wa kanisa pale Brannock, Pennsylvania, kitu cha kwanza alichokiona mbele ya nyumba ya Regis Palko kilikuwa choo. Si kibanda cha choo, bali choo chenyewe cha kukalia, cha rangi ya pinki, kimesimama katikati ya nyasi kama mgeni anayesubiri kukaribishwa ndani. Bernadette, mkewe, alikuwa amepanda maua ya petunia ndani yake ili angalau kifanane na kitu cha heshima. Hakikufanana.

Choo kilikuwa mali ya Ligi ya Zimamoto, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilikutana katika ukumbi wa zimamoto wa mji. Ilikuwa ligi ya kubuni. Watu kumi, kila mmoja na timu yake ndani ya simu, timu iliyojaa majina ya wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani. Mchezaji akikimbia na mpira Jumapili, au akiudaka, mwenye jina lake anavuna pointi. Mshindi wa mwaka alipewa kikombe kidogo cha bati. Aliyeburura mkia alipewa choo, na sharti akae nacho mbele ya nyumba, upande wa barabarani, mpaka apatikane mwingine wa kumrithi.

Regis alikuwa amestaafu kazi ya ukaguzi wa madaraja. Alikuwa mtu mwenye kujua, na alijua kwamba anajua. Hakuweza kusikia jambo likisemwa kimakosa akanyamaza. Aliwahi kumsahihisha padri katikati ya mahubiri kuhusu mwaka lilipojengwa daraja la Brannock, na padri akamshukuru kwa sauti ya mtu asiyeshukuru. Kwa nini mtu wa namna hii alikuwa wa mwisho miaka mitatu, hakuna aliyeweza kueleza, na yeye ndiye aliyeshindwa kuliko wote.

Kisha majira ya kuchipua yakaja, na Colleen, mjukuu wao, akaja na mchumba wake kula chakula cha Jumapili. Walitaka kufunga ndoa mwakani, mwezi wa sita, papo hapo nyumbani.

"Pale mbele, Babu," alisema, "chini ya ngazi za baraza. Nimepataka tangu nikiwa mdogo."

Bernadette alitazama nje kupitia dirishani. Petunia zilikuwa bado hazijachanua. Kilichoonekana ni choo kitupu. Alisubiri mpaka gari la vijana lilipokata kona.

"Regis."

"Nimesikia."

"Hujasikia, maana sijasema. Mjukuu wangu hatakula kiapo kando ya choo. Mama wa bwana harusi anatoka Philadelphia, na ana kamera."

"Timu yangu inahitaji mtu mmoja tu, mama. Mmoja tu."

"Basi mpate huyo mmoja."

Nafasi ya kumpata ilikuwepo. Kila mwezi wa tano ligi iligawana chipukizi, vijana waliotoka vyuoni na kuingia katika mpira wa kulipwa, na wa mwisho ndiye aliyechagua wa kwanza. Hiyo ndiyo faraja pekee ya choo. Regis akajifungia sebuleni na televisheni na rimoti, akawatazama vijana kama alivyozoea kutazama madaraja: hakujali rangi, aliinama kutafuta nyufa kwenye maungio.

Wawili walibaki. Wa kwanza alikuwa Tyrell Vance, mkimbiaji, mapaja kama magogo, magoti mazima, kijana aliyepita katikati ya walinzi kama mtu aliyechelewa kanisani. Wa pili alikuwa Isaiah Lomax, mpokeaji, mwembamba, ambaye kwa hatua mbili tu aliweza kumwacha mlinzi akikumbatia hewa. Lakini Lomax alikuwa na ufa. Katika fainali ya vyuo, mwezi wa kwanza, alitupiwa mpira akiwa peke yake, mstari wa kufungia uko mbele yake, na mpira ukampita mikononi ukaanguka. Nchi nzima iliona.

"Huyo unamtazamia nini tena?" Bernadette aliuliza. Alikuwa ameketi kando akikunja taulo.

"Nahakikisha kwamba simtaki."

"Hebu peleka mbele kidogo. Hapo alipouangusha nimepaona, hata dada yangu kipofu wa jicho moja alipaona. Nionyeshe kilichofuata."

Regis akapeleka mbele. Kwenye picha, wachezaji wa timu ya Lomax walikuwa wameshika vichwa, kocha ameketi chini. Lomax alikuwa ameshafika mahali pake kwenye ukingo wa uwanja. Alikuwa ameinua mkono juu kabisa, akiuomba mpira.

"Umeona?"

"Nimeona mtu aliyeangusha mpira akiomba mwingine."

"Ndiyo hicho ninachokuonyesha."

"Bernadette, kuomba hakuna pointi."

"Kungekuwa na pointi za kuomba," alisema Bernadette, akiiweka taulo juu ya nyingine, "mimi ningekuwa bingwa. Naomba kile choo kiondoke mwaka wa tatu huu."

Regis akacheka. Lakini moyoni alishaamua. Ni Vance.

Mgao ulifanyika Jumapili baada ya misa. Ukumbi ulinuka kabichi iliyokaangwa na bia, magari mekundu ya zimamoto yamesogezwa nje ili watu wapate nafasi. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Marlene Sabol, aliyefundisha hesabu nusu ya waliokuwemo mle ndani na bado aliwatazama kama watu ambao hawajamaliza zoezi. Mkononi alikuwa na mwiko. Na mbele yake, ubaoni, iliandikwa sheria ya kwanza ya ligi: jina likitamkwa, limechukuliwa.

Sheria hiyo aliitunga Regis mwenyewe. Zamani watu walikuwa wakitaja mchezaji, wakaguna, wakabadili, wakataja mwingine, na mwaka mmoja Chester Wojtasik alibadili mara nyingi mpaka supu ikapoa. Chester, au Chet, alikuwa mdogo wake Bernadette, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na mwaka huu ndiye mwenye chaguo la pili.

"Shemeji," Chet alisema akivuta kiti karibu na Regis, "petunia hazijambo?"

"Hazijambo. Zitakuja kwako kukusalimia."

"Haya, haya," alisema Marlene, na akagonga meza kwa mwiko. "Mgao umefunguliwa. Regis, zamu yako. Tupe jina."

Regis akasimama. Alivuta suruali juu, akasafisha koo. Alipenda dakika hii. Ndiyo dakika pekee katika mwaka ambayo ukumbi mzima ulimsikiliza. Ndipo Chet akageukia jirani yake na kusema, si kwa sauti kubwa sana:

"Mimi nashukuru tu kwamba sina zamu ya kwanza. Ningemchukua Vance halafu nisilale. Mtu aliyeangusha mpira kwenye fainali, mstari uko pale?"

Regis akageuka. "Nani?"

"Vance. Si ndiye aliyeuangusha?"

"Chet, acha kupotosha watu. Vance hakucheza hata hiyo fainali."

"Shemeji, nilimwona kwa macho yangu. Vance."

"Si Vance," alisema Regis, akiwa na subira yote ya mtu mwenye kujua. "Aliyeuangusha ni Isaiah Lomax."

Mwiko ukagonga meza.

Regis alimtazama Marlene, Marlene akautazama ubao, na wote ukumbini wakatazama ubao. Chet alikuwa ameinamia sahani yake ya kabichi, mabega yakimtikisika.

"Mwalimu," alisema Regis, "nilikuwa namsahihisha."

"Na umesahihisha vizuri. Isaiah Lomax, timu ya Palko. Zamu ya pili, Chester."

"Tyrell Vance," alisema Chet, na hapo ukumbi ukapasuka kwa kicheko hata mbwa wa zimamoto akaanza kubweka.

Nyumbani, Regis alieleza kisa akiwa bado amevaa kofia. Bernadette alianza kucheka tangu pale kwenye neno "shemeji", akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sikuchagua," alisema Regis. "Niliporwa."

"Umepata mtu wangu," alisema Bernadette akijifuta macho. "Kwa mara ya kwanza katika ndoa hii umenisikiliza, na hukujua."

Msimu ulipoanza, Lomax aliketi benchi. Vance alikimbia kama moto wa nyikani, na kila Jumapili jioni Chet alipiga simu kuuliza hali ya petunia. Kisha baridi ikaingia, mpokeaji mkuu wa timu aliyochezea Lomax akaumia, Lomax akapewa nafasi, na kidogo kidogo timu ya Regis ikainua kichwa. Kwa Chet mambo yaligeuka upande mwingine. Vance aliendelea kukimbia, lakini wakongwe wa Chet walichoka wote kwa pamoja, kama viatu vilivyonunuliwa siku moja. Jumapili ya mwisho ya msimu ilipofika, waliobaki chini kabisa walikuwa wawili tu, Regis na shemeji yake.

Chet alikuja kutazama mchezo kwao, amebeba soseji kwenye sahani. Wachezaji wake walikuwa wamemaliza kazi yao mapema, na alikuwa mbele ya Regis kwa pointi chache zisizofika bao moja. Regis alibakiwa na Lomax peke yake, na mchezo ulikuwa umefika robo ya mwisho.

"Nilipokuwa nakuja nimekikagua kile choo," alisema Chet. "Kimezama kidogo upande wa kushoto. Wewe mtu wa madaraja, utakiimarisha."

"Kula soseji yako."

Mpira ulirushwa juu, mrefu, ukizunguka vizuri. Lomax alikuwa peke yake. Mstari ulikuwa mbele yake. Mpira ukamgonga viganja, ukamgonga kifua, ukaanguka.

Regis aliona nyasi, aliona ngazi za baraza, aliona mama wa Philadelphia na kamera yake. Chet akasimama taratibu, akachukua koti lake, na kwa kweli uso wake haukuwa na dhihaka.

"Pole, shemeji. Petunia ni maua mazuri."

"Kaa chini, Chester," alisema Bernadette. Alikuwa hajaondoa macho kwenye televisheni. "Mtazame."

Kwenye ukingo wa uwanja, chini ya theluji nyepesi, Isaiah Lomax alikuwa ameshafika mahali pake. Mkono wake ulikuwa juu.

Walimrushia. Aliudaka kwa mikono miwili, akaubana kama mtoto, mlinzi mmoja akamrukia mgongoni, naye akaenda naye hivyo hivyo mpaka wakaanguka wote ng'ambo ya mstari. Bernadette alipiga ukelele uliosikika kwa jirani. Regis alivua kofia, akaiweka magotini, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyofunga bao.

Chet alihesabu kwenye simu, akahesabu tena.

"Nani alikwambia umchague huyu mtu?" aliuliza.

"Wewe," alisema Regis.

Choo kiliondoka wiki ile ile, kikiwa na theluji ndani yake, nyuma ya pikapu ya Chet. Regis alikiaga kwa kukipigia saluti.

Mwezi wa sita ukafika na siku ya harusi ikapambazuka bila wingu. Shangazi na mama wadogo walikuwa wameoka biskuti wiki nzima, meza ya biskuti ikapinda katikati. Bernadette alitoka barazani, nywele bado ziko kwenye rola, akatazama chini ya ngazi. Pale choo kilipokuwa kimesimama kulikuwa na duara la udongo mtupu. Regis alikuwa amepanda mbegu, amemwagilia, amepanda tena. Nyasi zilikataa.

"Panafanana na kaburi la mbwa," alisema Bernadette.

"Weka chungu cha maua."

"Nimejaribu. Ni kidogo, duara linabaki linachungulia." Akatazama barabarani. "Kuna kitu kimoja tu katika mji huu kinacholingana na hapo."

"Usiseme."

"Mimi sisemi. Wewe ndiye utakayesema, kwa mdogo wangu."

Chet alikuwa mbele ya nyumba yake amevaa suruali ya suti na fulana, akimwagilia. Petunia zake zilikuwa zimejaa mpaka zinamwagika kwenye kingo, zambarau na nyeupe, nzuri kuliko za Bernadette siku zote. Alipomwona Regis akishuka kwenye pikapu, akafunga mpira wa maji.

"Shemeji, harusi si saa nane?"

"Saa nane. Nimekuja kuazima kitu kidogo."

Chet alifuata macho ya Regis mpaka kwenye choo. Uso wake ukaanza kung'aa polepole.

"Kitu hicho hakiazimwi. Sheria inasema hakitoki kwangu mpaka kipate mwenyewe mwingine. Mwalimu Marlene yumo jikoni na mke wangu. Marlene, njoo usikie jambo."

Marlene akatoka, unga mpaka kwenye viwiko, mwiko mkononi.

"Unataka nini, Regis?" aliuliza. "Kitaje kwa jina lake."

Regis aliijua sheria ile kuliko mtu yeyote duniani. Alijua kwamba akilitamka hilo neno, kitu kile kitakaa mbele ya nyumba yake mwaka mwingine mzima, hata akiwa bingwa. Alifikiria duara la udongo. Alimfikiria Bernadette na rola zake barazani, na Colleen, ambaye tangu utotoni alipataka pale pale.

Akavuta suruali juu, akasafisha koo.

"Naomba choo," alisema.

Mwiko ukagonga ukingo wa choo. "Limetamkwa," alisema Marlene, na hakuweza kumaliza sentensi kwa kicheko.

Walikibeba wawili, Chet mbele, Regis nyuma, petunia zikiwapiga usoni.

"Shika vizuri, shemeji," alisema Chet. "Usije ukakiangusha."

"Nikikiangusha," alisema Regis, "nitakiomba tena."