Vijiko vya Maua

Mfuniko wa shimo la choo ulipoinuka, watu walisogea mbele badala ya kurudi nyuma.

Bwana Bomba hakuwahi kuona jambo kama hilo. Katika kazi yake ya kunyonya vyoo, mfuniko ukishafunguliwa kila mtu hukumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine. Mwenye nyumba huingia ndani, majirani hufunga madirisha, hata mbwa hujiondokea na heshima yake. Leo ua ulikuwa umefurika. Wengine walipanda ukuta wakaning'iniza miguu, wengine walikuja na vigoda vyao kutoka nyumbani. Muuza karanga alikuwa amebeba ungo juu ya vichwa vya watu na biashara inamwendea vizuri. Wateja wake walitafuna huku wamenyoosha shingo kuelekea shimoni.

"Rudini nyuma," Bwana Bomba aliwaambia, akiegemea mtaimbo wake. "Hewa ya humu inaua. Iacheni itoke kwanza."

"Mmesikia? Inaua!" mtu alidakia, na wenzake wakaguna kwa utamu.

Walikuwa wakimtafuta msichana. Alikuwa yaya wa nyumba hiyo, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Dada, kwa kuwa mtoto aliyemlea alimwita hivyo. Alitoweka mwezi uliopita. Askari walikuja, wakauliza maswali, wakaondoka. Mtaa haukuondoka. Kwanza mtaa ulisema ametoroka na kijana wa pikipiki. Kijana wa pikipiki alipoonekana gereji akibadilisha tairi peke yake, mtaa ukasema basi ameuzwa nje ya nchi. Hilo nalo likachuja. Ndipo mtu akakumbuka kwamba choo cha uani cha nyumba ile kinanuka kuliko zamani, na mtaa ukapata uhai mpya.

"Lisemwalo lipo," muuza karanga alikuwa akisema, akifunga karanga kwenye karatasi. "Kama halipo, laja."

Askari mmoja alichoka kusumbuliwa, akaagiza shimo linyonywe. Sasa alikuwa amesimama kivulini, anachezea simu.

Na mama yake Dada alikuwepo. Hilo ndilo lililomkera Bwana Bomba kuliko yote. Alikuwa amefika jana kwa basi, na alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na ukuta, mkoba wake mapajani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumpa kiti. Watu walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba yeye ni tofali la ukuta ule. Huyu alisema msichana alikuwa na mimba. Yule alisema si mimba, ni mume wa mwenye nyumba. Wa tatu alijua hata kisu kilivyokuwa. Mama wa watu alimwangalia kila msemaji usoni, kwa adabu, kama mtu anayeelekezwa njia.

Barazani mwanamke mwenye nyumba alikuwa akisimulia, wala haikuwa mara yake ya kwanza. Alishajua pa kutua na pa kupandisha sauti.

"Mimi sina la kuficha. Nyonyeni mpaka mchoke! Msichana alikuwa mwizi, basi. Vijiko vyangu vya harusi, vile vyenye maua kwenye mpini, vilikuwa vinapotea kimoja kimoja. Namuuliza, analia. Namuuliza, analia. Siku hiyo nikamwambia, toka nje, na usirudi ndani ya nyumba hii bila vijiko vyangu. Akatoka. Toka hapo mimi sijui."

"Alikuwa amevaa viatu?" mama yake Dada aliuliza kutoka kwenye ndoo.

Mwenye nyumba alimtazama kama mtu aliyekatizwa wimbo.

"Sikumwangalia miguu, mama."

Kati ya miguu yake mwenyewe alikuwa amechuchumaa mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa kuanza kuunganisha maneno. Alikuwa akitumbukiza vifuniko vya soda kwenye tundu la mfereji, kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kilipogota chini, alicheka na kutazama nyuma yake.

Bwana Bomba alishusha mpira wa kunyonyea, akawasha pampu. Gari lilitetemeka lote. Alikoroga uchafu mzito wa chini kwa mti mrefu, kama anavyofanya siku zote, ili usibaki umeganda, na mpira ukaanza kuvuta kwa kukoroma. Alijua kwamba anaogopa. Ameopoa mengi katika mashimo ya watu: simu, meno ya bandia, siku moja pete ambayo mwenyewe aliikana mbele ya mke wake. Hajawahi kuopoa mtu, na alikuwa akiomba asianze leo, mbele ya hawa walaji wa karanga.

Karibu na mwisho kitu kiligonga ndani ya mpira. Kikafuata kingine. Vilipita vikigongana, vikaangukia ndani ya tangi.

"Mfupa!" alipiga kelele kijana mmoja juu ya ukuta.

"Mifupa!" ua ukaitikia.

Simu zikainuliwa. Mama yake Dada alisimama, mkoba ukamdondoka, na hakuna aliyemwokotea.

Bwana Bomba alizima pampu. Alisubiri hewa itulie, akatia ngazi, akashuka na tochi. Alipitisha mwanga kwenye pembe zote na kwenye sakafu ya saruji, akapapasa kwa buti matope kidogo yaliyobaki. Halafu akapanda, akasema kwa sauti ambayo kila mtu angeisikia:

"Hakuna mtu humu."

Hapo ndipo alipousikia ule mguno. Ulikuwa mguno wa uwanjani mpira unapogonga mwamba. Walikuwa wamevunjika moyo. Wamesimama juani tangu asubuhi wakingoja maiti ya mtoto wa watu, na wamenyimwa. Muuza karanga alisonya kabisa.

Bwana Bomba aligeukia gurudumu la gari lake, akatapika. Miaka yote ya kazi hiyo alikuwa hajawahi kutapika. Alikuwa mtu wa kula mkate wake juu ya mfuniko wakati pampu inavuta. Sasa chai yote ya asubuhi ilitoka.

"Ametapika!" mtu alinong'ona kwa furaha mpya. "Bomba ametapika! Ameona kitu huyo, anaficha!"

Askari alisogea, kiganja puani. "Vilivyogonga ni nini?"

"Sijui, afande. Vimo ndani ya tangi. Nikifika kwenye mabwawa ya majitaka namwaga juu ya wavu, kila kigumu kinabaki juu. Twende ukaone."

Askari alilitazama tangi linalochuruzika. "Nenda wewe. Ukikuta kitu, nipigie."

Na wale waliojua mambo ya mimba na ya kisu, ambao tangu asubuhi walikuwa wakidai ukweli, hata mmoja hakupiga hatua. Mabwawa yananuka, tena ni mbali.

Mama yake Dada alifungua mlango wa gari, akapanda.

Wakaondoka. Bwana Bomba alifungua madirisha yote mawili.

"Uniwie radhi, mama. Gari hili si la kupanda mtu mzima kama wewe."

"Nimelea watoto saba, baba," alijibu. "Hii harufu naijua."

Baadaye kidogo akaanza kusema mwenyewe, macho barabarani. "Aliniambia kwenye simu mtoto amemzoea mno. Kwamba ana mchezo wake. Anatupa kitu, halafu anamwita, 'Dada!', mpaka yeye aje ajifanye anakitafuta. Alikuwa anacheka akinihadithia." Alikunja pembe ya kitambaa chake. "Sauti yake ya mwisho niliyoisikia ni hicho kicheko."

Mabwawani Bwana Bomba alitandika wavu wa chuma juu ya mdomo wa bwawa la kwanza na kufungua koki. Mama alisimama karibu kiasi kwamba maji machafu yalimrukia pindo la gauni, naye hakurudi nyuma. Vitambaa vilibaki wavuni, na mswaki, na mguu wa mwanasesere. Bwana Bomba aliugeuza ule mguu kwa reki kwanza, akahakikisha ni plastiki. Tangi lilipokaribia kuisha, vile vigumu vikaanguka, vikalia juu ya chuma.

Alivivuta kwa reki. Havikuwa mifupa.

Mama alichuchumaa, akaokota kimoja kwa mkono mtupu, akakifuta kwa kidole gumba. Chini ya weusi lilitokea ua dogo, na petali zake, kwenye mpini.

Walitazamana. Wote wawili walikuwa wazazi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Choo kile cha uani kimejengwa juu ya shimo lenyewe, tundu lake wazi, na kitu kikidondoka humo kinalia vizuri sana.

"Mtoto," alisema Bwana Bomba.

"Mtoto," alisema mama.

Bwana Bomba alimpigia askari. Aliongea huku akitembea kwenda na kurudi, na kila alivyozidi kusikiliza ndivyo hatua zilivyozidi kuwa fupi. "Vijiko?" sauti ya upande wa pili ilisema. "Nilikwambia ukikuta kitu, mzee. Vijiko ni kitu?" Simu ikakatwa. Bwana Bomba aliona bora mikono yake yenye uchafu kuliko ile simu, akaitia mfukoni kama anayetupa kitu kilichooza.

Mama alikuwa bombani. Alivisugua vijiko kwa mchanga, kimoja kimoja, mipini na ndani, kwa uangalifu wa mtu anayejiandaa kupokea wageni, mpaka vikang'aa. Alivua kitambaa cha kichwa akavifunga humo. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

"Nirudishe pale, baba," alisema.

Ua ulikuwa umepungua watu. Waliobaki walikuwa wamekusanyika langoni, na muuza karanga aliwaonyesha kwa kidole upande wa kisima cha zamani cha shule. Nani alishawahi kuangalia mle? Hakuna! Walipoliona gari walifuata fundo la kitambaa kwa macho yenye njaa. Bwana Bomba alijutia tangi kuwa tupu; angewafungulia koki.

Mwenye nyumba alikuwa bado barazani. Mama yake Dada alipiga goti kwenye ngazi, akafungua fundo, akavipanga vijiko sakafuni, vyote vikielekea upande mmoja.

"Ulimwambia mwanangu asirudi ndani bila vijiko," alisema. Hakupaza sauti. "Hivi hapa. Sasa mwite aingie."

Mwenye nyumba alifungua mdomo, naye aliyejua pa kutua na pa kupandisha sauti hakupata pa kuanzia. "Hivi... vimetoka wapi?"

Alitazama vijiko, akamtazama Bwana Bomba na buti zake, akatazama choo kule uani. Rangi ilimtoka polepole.

Ni mtoto aliyesogea. Alikuja akiyumba kwa miguu yake mifupi, akaviona vijiko vinavyong'aa, akafurahi. Alichukua kimoja, akakimbia nacho, akapita kando ya ndoo iliyopinduliwa, akaingia chooni. Mwenye nyumba alinyoosha mkono, ukabaki hewani.

Safari hii kijiko kilichukua muda. Shimo lilikuwa tupu. Kilipogota kwenye saruji chini kililia kama kengele, na kila mtu uani alikisikia.

Mtoto alicheka.

"Dada!" aliita. Kisha akatazama nyuma yake, anangoja.