Mashine Inayoishi kwa Waya

Leo asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kibodi kwa kitambaa cha miwani ya baba, nikisubiri kompyuta ya kaka iwake. Tunaiita Ajuza. Ukimbonyeza anakohoa, anaguna, unaenda kuosha vyombo, unarudi bado anajifikiria. Betri yake ilishakufa, anaishi kwa waya.

Kaka yuko mbali kikazi, aliniachia mimi. Juzi nilimlalamikia kwamba kazi za shule hazifunguki, akanipigia.

"We Bubu, Windows usimfukuze. Chukua ile sidii niliyokuachia, weka Linux, ule mfumo mwepesi, pembeni yake. Ukiwasha, Ajuza atakuuliza unaingia mlango gani. Ila kwanza hamishia sauti za mama kwenye flashi. Umenisikia?"

"Ndiyo, kaka."

Mama alikuwa mwalimu. Koo lilipoanza kumsumbua, akawa anarekodi imla nyumbani, darasani anabonyeza tu. Hizo ndizo sauti zake zilizobaki. Kila Jumapili baba anakaa mbele ya Ajuza, mama anasoma, "Mbuzi... amekula... daftari," na baba anamalizia naye, "Nukta!" Halafu anacheka peke yake.

Flashi yangu nilimwazima mwenzangu wa dawati moja. Niliona haya kumdai. Nikajiambia, kwani nafuta kitu? Nagawa diski tu. Nikaingiza sidii, nikachagua mifumo yote miwili ikae, nikavuta mstari, upande wa kaka ukajibana kumpisha mgeni. Ikaandika: usizime kompyuta. Kimstari kikaanza kutambaa.

Baba ni fundi rangi. Wakati huo alikuwa anatoka na fundi mwenzake. Kwetu, wa mwisho kutoka anashusha swichi kubwa ya umeme, tangu siku pasi ilipounguza godoro.

"Binti yako hayupo?" mwenzake akauliza.

"Nani, Bi Kimya? Atakuwa kaenda dukani. Hata angekuwepo, ungejuaje?"

Wakacheka. Mimi niko nyuma ya pazia, mdomo wazi. Mbele ya mgeni mimi huwa siwezi kupaza sauti. Nikasema, "Baba, usizime," lakini hata mwenyewe sikujisikia.

Kap.

Feni ya Ajuza ikakata pumzi. Nilipopandisha swichi walishafika barabarani. Nikawasha. Kioo cheusi, maandishi meupe: hakuna mfumo uliopatikana. Nikajaribu kupitia sidii. Upande wa kaka, wenye sauti za mama, ninauona, upo pale pale, ila kila nikiufungua unagoma. Nilirudia mpaka sidii ikatoka ya moto.

Jioni baba amerudi na rangi kwenye nyusi.

"Vipi, Ajuza amepona?"

"Bado kidogo, baba."

"Mfanyie haraka basi. Kesho tumsikilize mama yenu. Weka ile ya mbuzi."

"Ndiyo, baba."

Akainama kuvua viatu. Nilimsikia akisema taratibu, kama anajikumbusha, "Nukta."

Nimekaa na simu muda mrefu, naandika, nafuta. Mwisho nimetuma hivi:

"Shikamoo kaka. Zile sauti za mama, na wewe unazo huko?"

Tiki mbili zimetokea, ujumbe umemfika. Simu nimeilaza kifudifudi, nimeigeuza, nimeilaza tena. Baba anakoroma chumba cha pili. Nimeigeuza. Bado ni tiki mbili tu.