Tela Lililomsukuma Taratibu

Walimwita Taratibu kwa sababu ya uendeshaji wake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akivuta tela la kliniki ya macho kwenye barabara ambazo hata punda huzipita kwa kunung'unika, na hakuwahi kuvunja hata taa. Lakini tangu siku ile ya mteremko, alikuwa hawezi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Anaketi, anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anasahau alichorudia. Mkewe, aliyezoea kumwita Baba Pacha, alimuuliza siku moja kama kiti kina misumari. Akajibu kwamba anafikiria breki.

Hakusema uongo. Ila hakusema yote.

Kilichotokea mteremkoni hakikuzidi dakika moja. Mvua ilikuwa imelainisha udongo. Taratibu alipokanyaga breki, gari lilipunguza mwendo, tela halikupunguza. Likasukuma. Mkia wa gari ukaanza kwenda pembeni, upande wa korongo, na kwenye kioo akaliona tela zima likimjia ubavuni kama mtu anayetaka kumpita njiani. Ndipo mkono wake ulipofungua mkanda, ukafungua na mlango. Hakuamua, mkono ulikwenda wenyewe. Mguu mmoja ulikuwa tayari nje wakati tela lilipogota kwenye ukingo wa udongo na kila kitu kikasimama.

Kwenye kiti cha pembeni daktari wa macho alikuwa amekaa, mkoba mapajani, uso ameugeuzia dirishani. Taratibu akarudisha mguu ndani, akafunga mlango polepole kama mwizi, akasema, "Tumepona."

"Tumepona," daktari akasema.

Hawakulizungumza tena. Na hicho ndicho kilichomnyima raha: hakujua kama daktari alimwona. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka yote hiyo, wamekula sahani moja, na yeye alikuwa anamwacha ndani ya gari linalokwenda korongoni.

Ofisi ilipomwagiza atafute breki bora kwa ajili ya tela, alilipokea agizo hilo kama mgonjwa anavyopokea dawa. Kesho yake asubuhi, karakana ya matela ilipofunguliwa, alikuwa mlangoni.

Karakana ilikuwa ya mzee na binti yake. Binti aliitwa Fundi na baba aliitwa Fundi Mkubwa, ingawa kwa urefu binti alimzidi kichwa kizima. Baba aliamini breki za kusukumwa, kama zile zilizokuwa kwenye tela la kliniki. Alimwonyesha Taratibu jinsi zinavyofanya kazi: gari likipunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, shingo ya tela inaingia ndani, inavuta fimbo, na fimbo inakaza breki kwenye magurudumu. Hakuna waya, hakuna umeme, na gari lolote linaweza kulivuta. Zile za kwako hazikuwa na ubaya, alisema, ila lainingi, zile bitana zinazobana gurudumu, zilikuwa zimelika mpaka zikaisha.

Binti alitaka za umeme. Ndani ya kila gurudumu kuna sumaku. Dereva akikanyaga breki, kisanduku kidogo kilichofungwa karibu na usukani kinapeleka umeme nyuma na sumaku zinakamata. Tena kisanduku kina kitufe. Ukikibonyeza, tela linafunga breki peke yake, gari halijaguswa.

"Umeme na maji ya mtoni ni mashemeji wasiosalimiana," Fundi Mkubwa alisema.

"Ndiyo maana plagi tunaiziba, baba."

Ipo pia aina ya tatu, Fundi alieleza, ya pampu ya umeme inayosukuma mafuta mpaka kwenye diski. Hiyo inashika kuliko zote, lakini ikiharibika huko porini, pampu yake hutaipata kwa mtu yeyote. Wakaiweka kando.

Taratibu hakutaka maneno. Alitaka matela mawili yaliyojazwa mifuko ya mchanga, uzito uleule, na mteremko nyuma ya machimbo ya kokoto. Akapewa. Wiki nzima alipanda na kushuka, akipiga chokaa chini pale gari liliposimama, akitoka, akikagua, akirudi juu. Mafundi walichoka kumtazama.

Breki za kusukumwa zilimshangaza kwa upole wake. Kwenye tambarare na vilima vifupi hakuhisi kama anavuta kitu. Lakini kwenye mteremko mrefu tela liliegemea gari wakati wote, kwa hiyo breki zilikaa zimekaza wakati wote. Alipofika chini zilinuka kama mpira ulioungua, na mate aliyotemea gurudumu yalichemka. Aliporudi kinyumenyume mlimani, zilijifunga mpaka Fundi Mkubwa akashuka kutia kipini cha kuizuia shingo isiingie, jambo aliloliita dogo, akiwa na matope mpaka kwenye magoti.

Za umeme zilimtesa mwanzoni. Alikaza kisanduku kupita kiasi na magurudumu ya tela yakaganda, yakaburuta kokoto. Akalegeza, akakaza kidogo, akapata pake. Wakapita mtoni, na kweli, walipotoka zilikuwa dhaifu mpaka alipozikausha kwa kuzikanyaga kidogo kidogo. Za Fundi Mkubwa nazo zilikuwa zimelowa vilevile, ila hilo mzee hakulitaja. Kisha, kwenye kona yenye changarawe, tela likaanza kucheza mkia. Taratibu akazuia mguu wake usikanyage, akabonyeza kitufe. Tela likavuta nyuma, likanyooka, likalinyoosha na gari.

Alisimamisha gari, akashuka, akatembea mpaka kwenye kichaka, akarudi. Kitufe kile, siku ile, kingetosha.

Siku ya mwisho daktari alikuja machimboni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia ya kumtazama mtu kama anatafuta kitu nyuma ya jicho lake. Aliuliza uamuzi ni upi. Za umeme, Taratibu alimwambia, na betri ndogo juu ya tela, ili likichomoka kwenye gari lijifunge lenyewe. Daktari akasema vizuri, basi ashuke naye mara moja, ajionee. Akaelekea kwenye gari.

"Usipande," Taratibu akasema.

"Kwa nini? Si umeshazipima?"

Alianza kusema habari ya mchanga na uzito, akaacha. Alikuwa amesimama kati ya daktari na gari, mikono haijui pa kukaa.

"Siku ile nilifungua mlango, daktari. Nilitaka kuruka. Nilikuacha."

Daktari hakugeuka pembeni. Akamwambia kwamba alijua. Upepo na mvua viliingia ndani, angekosaje kujua?

"Na hukusema kitu."

"Ningesema nini? Mimi mwenyewe nilikuwa navuta kitasa cha upande wangu. Nilikivuta mpaka kucha ikakatika. Hakifunguki kwa ndani, kaka. Nimekwambia habari ya kitasa hicho tangu mwaka jana, na kila mara unashuka kunifungulia kwa nje, kama bwana harusi."

Taratibu alikumbuka. Alimwambia atakitengeneza, akasahau. Akakumbushwa, akasahau tena. Na kumfungulia mlango alikuona adabu.

"Wiki nzima unapima breki," daktari akaendelea, sauti ikiwa imepanda kidogo tu. "Sikukasirika kwamba uliogopa. Niliogopa pia. Nilikasirika kwamba wewe ulikuwa na mlango."

Taratibu hakumwomba radhi papo hapo, maana kila neno alilolitafuta lilikuwa dogo. Alikwenda kwa Fundi, akaazima bisibisi na koleo. Akaukalia udongo kando ya mlango wa abiria, akabandua ubao wa ndani, akakuta kifimbo cha kitasa kimetoka kwenye ndoano yake. Springi tu. Kazi ya robo saa. Alipomaliza aliujaribu mara nyingi, kutoka ndani, akitoka na kuingia, mpaka Fundi Mkubwa akamuuliza binti yake kama mteja wao yuko timamu. Kisha akamfuata daktari alipokaa, akachuchumaa mbele yake, akasema, "Nisamehe."

"Nitakusamehe," daktari akasema. "Sasa hivi nataka kuona breki."

Walishuka pamoja. Taratibu alimwambia abonyeze kitufe mwenyewe, naye akakibonyeza kwa kidole kimoja, kwa uangalifu, kama anavyogusa ukope wa mgonjwa. Tela likavuta nyuma. Chini kabisa akauliza kama wanaweza kurudia.

Mwezi uliofuata walikwenda milimani, wakateremka palepale pa siku ile, udongo mkavu safari hii, wote wawili wamefunga mikanda. Walipofika kijijini, Taratibu aliweka magogo kwenye magurudumu, akagusa kila gurudumu kusikia joto, akazunguka, akagusa tena. Watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni. Daktari alimtazama akizunguka mara ya tatu, akamwita, akampa fimbo, akamweka kando ya ubao wa herufi awe anaonyesha mstari wa kusomwa. Mtu asiyeweza kukaa, alisema, apewe kazi ya kusimama.

Mzee wa kwanza alisoma mistari miwili, akakwama kwenye wa tatu.

"Hiyo ni nini?" Taratibu akauliza, fimbo juu.

"Wewe unaionaje?" mzee akasema, na foleni nzima ikacheka.