Mfuniko wa Sufuria ya Pointi

"Akina mama wa Ibighi, na wote mliojaliwa masikio! Kuanzia leo, unyonge wa kuazima sufuria umefutwa!"

Tulia alitangaza hayo akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kifuani kama mgeni rasmi. Ndoo ikateleza. Mgeni rasmi akaketi topeni.

"Pole, mheshimiwa," akasema bibi yake, Atuganile, bila kuacha kumenya ndizi. "Sasa eleza."

Tulia alikuwa likizo kutoka shule ya bweni. Kikundi cha bibi yake kilipika kwenye kila msiba na kila harusi ya mtaa, ila kwa sufuria ya kuazima kwa jirani zao wa Suma, na watu wa Suma hawakuitoa bila masimango. Harusi ya Lilian, binti wa mtaa huo, ilikuwa Jumamosi. Bibi aliapa kwamba safari hii haendi kupiga magoti.

Duka la jumla la mjini lilikuwa likigawa kadi: ukinunua, unapata pointi. Pointi zikitosha, unachukua sabuni, hedifoni, au sufuria kubwa ya shughuli. Mfuniko wake ulikuwa na pointi zake tofauti.

"Kwanza, nyumba zote zinunue kwa kadi ya Bibi," akasema Tulia. "Sukari, mafuta, chumvi, vitu ambavyo mngenunua tu. Halafu msidokoe! Kwenye vitu vidogo wanatupunja. Thamani yote iko kwenye sufuria. Anayemaliza pointi kwa vikorokoro ni adui wa maendeleo."

"Msomi huyo!" akacheka jirani yao, Esnath. "Apewe kadi."

Akapewa, na wiki nzima yeye ndiye aliyetumwa dukani. Ijumaa sufuria ikafika kwa bajaji, kubwa kiasi cha kumwogeshea ndama. Vigelegele vikapigwa.

"Sasa Suma waje waazime kwetu!" akasema Esnath.

"Na mfuniko?" akauliza Bibi.

Tulia akavuta kofia yake ya sufu hadi shingoni. Kwa baridi ya Ibighi, nani angeshangaa?

"Bibi, wenye maduka ni wajanja. Wamepandisha pointi za mfuniko jana tu. Nitawaandikia barua kali!"

"Mjukuu wangu."

"Abee."

"Mbona kichwa chako kinaimba?"

Kofia ilikuwa imebonyeza kitufe, na muziki ukapanda. Bibi akaivua taratibu. Hedifoni nyekundu, mpya, bado zinanukia duka.

"Hebu tukumbushe," akasema Esnath. "Adui wa maendeleo ni nani vile?"

Bibi akaleta panga. "Sufuria itafunikwa kwa majani ya mgomba. Utayakata wewe, kila shughuli, kila likizo, mpaka mfuniko upatikane."

Tulia akapanda tena juu ya ndoo, safari hii kwa adabu.

"Akina mama wa Ibighi," akasema, "mfuniko haukupanda pointi. Nimeuvaa masikioni."