Habari Iliyosubiri Filimbi

Simu ililia wakati mzee mtunza vifaa wa timu akipanga jezi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kila moja chini ya msumari wake. Akaibana kwa bega, kwa kuwa mikononi alikuwa na njumu. Aliyepiga alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na kwa vile alivyomeza mate kabla ya salamu, mzee alishaijua habari yenyewe.

"Shemeji, dada yako ametutoka."

Akazilaza njumu chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Tumbo moja lilizaa wawili tu, yeye na dada yake. Mvua zilipoanza, dada akalazwa kwa figo, na tangu hapo hakurudi nyumbani.

"Mwambie mwanangu taratibu," shemeji akaendelea. "Nakutegemea wewe. Asije akaisikia mitaani."

Huyo mwana ndiye aliyekuwa kipa wa timu, ambaye mashabiki walimwita Komeo, maana akishafunga mlango haupiti hata upepo. Mjomba wake ndiye aliyempeleka klabuni akiwa mwembamba kama fito, akamfundisha hata kuosha glovu zisikakamae. Na siku hiyo ilikuwa fainali. Mzunguko wa ligi ulikwisha timu mbili zikiwa sawa kwa kila kitu, na bingwa wa taifa alikuwa apatikane jioni ileile, kwa mechi moja.

Mzee akamfuata kocha, akamweleza. Kocha akavua kofia, akakaa nayo mapajani.

"Pole sana, mzee wangu. Kipa wa akiba kifundo kimevimba, lakini hilo ni langu. Ukimwambia kijana akataka kwenda, nitamwachia gari sasa hivi. Uamuzi ni wako."

Hapo ndipo ingekuwa rahisi kumwambia kijana. Lakini mzee alikuwa ameitumikia klabu ile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikuwa amefua matope ya timu iliyoshuka daraja, akafua ya timu iliyopanda, na ya timu iliyofungwa mabao mpaka mashabiki wakachoka kuhesabu. Kombe la taifa hakuwahi kuligusa, hata la kuazima.

"Tumwache acheze," akasema. "Hata mama yake angependa hivyo."

Maiti hana mdomo. Kila mtu humsemea analolitaka mwenyewe.

Wachezaji wakaingia kwa vishindo na nyimbo. Kama kawaida walimkabidhi simu zao, naye akazitia kwenye begi.

"Mjomba, mbona umepauka kama soksi ya msimu uliopita?" Komeo akamtania.

"Uzee, mwanangu. Nawe utaufikia."

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka nao.

Mechi ilipoanza alikaa mwisho wa benchi, begi miguuni. Ndani yake simu moja ilianza kunguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Hakuhitaji kutazama ili ajue ni ya nani. Ndugu walikuwa wakituma rambirambi. Akaingiza mkono, akaipapasa, akaizima. Alipoinua macho, Komeo alikuwa hewani, akiutoa kwa ncha za vidole mpira uliokuwa ukiingia.

Mapumziko yaliwakuta hawajafungana. Komeo akajimwagia maji kichwani, akamsogelea mjomba wake.

"Umepiga hospitali? Mama anaendeleaje?"

"Anapumzika," mjomba akasema.

"Basi usiwasumbue."

Kipindi cha pili winga wao alifunga kwa kichwa, na upande mmoja wa uwanja ukageuka bahari ya mikono. Zikiwa zimebaki dakika chache refa akaonyesha penalti, dhidi yao. Mzee akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijikuta anaiombea timu yake ifungwe, kwa sababu wakishinda, atamwambiaje kijana habari ile katikati ya shangwe? Kelele zilipolipuka hakuthubutu kuangalia. Daktari wa timu ndiye aliyemkumbatia. "Kaipangua! Kaipangua, mzee!"

Filimbi ya mwisho ikalia. Wakavishwa medali, wakainua kombe, na mtangazaji akamwekea Komeo kipaza sauti mdomoni. Sauti yake ikatoka kwenye spika za uwanja mzima.

"Hili ni la mama yangu. Mama, najua unaniona hapo kitandani. Kesho asubuhi nakuletea ulishike kwa mikono yako."

Watu wakampigia makofi kama wenye wazimu. Mtunza vifaa akaliokota begi la simu, akaondoka benchini.

Komeo alimkuta kwenye ujia wa kuelekea vyumbani. Akavua medali, akamvika mjomba wake shingoni. "Simu yangu, mjomba. Nimpigie kabla hajalala."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Leo ni siku ya kukaa?"

"Mama yako ametutoka."

Tabasamu lilichelewa kumtoka kijana. Lilibaki usoni peke yake, kama nguo iliyosahauliwa kambani. "Lini?"

"Leo. Kabla hamjafika uwanjani."

"Ukaniambia anapumzika."

Hakulia. Alichukua simu yake, akavua njumu, akatoka na soksi miguuni, akawapita wenzake waliokuwa wakimwagiana soda.

Mazikoni, baba yake Komeo alimpa mzee mkono bila kumtazama. Zamu ya kufukia ilipofika, mzee akachukua koleo. Komeo akamwondolea mkononi, bila hasira, akampa jirani. Watu walipoanza kutawanyika, mjomba alimfuata.

"Nilitaka kukulinda, mwanangu."

"Ulikuwa unalinda kombe." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ungeniambia, ningelia, nikavaa glovu, nikaingia. Ningecheza, mjomba. Ila ningejua namchezea nani. Wewe umeniacha nicheke na kumsemesha mama yangu mbele ya nchi nzima, na mama ni maiti. Watu walionifahamu walikuwa wananitazama, wanajua. Mimi tu ndiye sikujua."

Medali ilikuwa mfukoni mwa mzee. Alikuja nayo amrudishie. Hakuitoa.

Kabla ya msimu mpya Komeo alihamia klabu nyingine. Timu hizo mbili zilipokutana, mtunza vifaa alikuwa akiteremsha ndoo na mabegi mlangoni mwa uwanja pale wageni walipopita kwa mstari. Kijana alimwona. Akasimama, kwa adabu aliyolelewa nayo.

"Shikamoo, mzee," akasema, kama anavyoamkiwa mzee yeyote wa njiani.

"Marahaba," mzee akajibu.

Komeo akaingia ndani na wenzake.