Thibitisha kwamba Vita Vilimkomaza

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta, kwa sababu sentensi isiyo na nukta ilimtia wazimu. Miaka kumi na miwili alikuwa akifundisha riwaya ile ile, ya kijana aliyepelekwa vitani hata ndevu hazijaota, na miaka yote hiyo swali la mtihani lilikuwa moja: thibitisha kwamba vita vilimkomaza mhusika mkuu. Hoja tano, kila hoja alama mbili. Si kuulizwa kama vilimkomaza au la. Thibitisha, basi. Aliyetunga swali hakutaka ubishi, na vita nadhani alivisikia redioni kajilaza kwenye kochi.

Mwaka huu, kwenye mtihani wa majaribio, msichana aliyekuwa hodari kuliko wote darasani aliandika mistari miwili tu. "Hakukomaa, alizeeka. Kaka yangu amerudi kutoka vitani ana miaka ishirini, na mama ndiye anayemkata kucha."

Nukta akavua miwani. Akasoma tena, roho inamuuma. Kisha akafungua mwongozo wa kusahihishia, na mwongozo haukuwa na kaka wa mtu. Akaandika sifuri.

Kesho yake akamwita ofisini. "Binti yangu, ulichoandika ni kweli tupu. Lakini kweli hii haina alama."

"Sasa nidanganye, mwalimu?"

"Nani kasema udanganye? Jibu swali ulivyoulizwa. Msahihishaji wa mtihani wa mwisho hamjui kaka yako. Ukizikosa alama hizi kumi, chuo cha uuguzi ndio basi tena, na kwenu wanakutegemea wewe."

Msichana akatazama chini. "Haya, mwalimu."

Nukta akarudi nyumbani akijiona ametenda wema. Mtu mzima ovyo.

Wiki mbili baadaye akalirudia swali darasani, kwa mdomo. Wengine wakababaika. Msichana akasimama, akazimwaga hoja zote tano bila kigugumizi: ujasiri, uvumilivu, uwajibikaji, uzalendo, busara. Yalikuwa maneno ya mwongozo, neno kwa neno.

"Mfano kutoka katika maisha," akasema Nukta. Ndivyo alivyozoea kusema, na mdomo ulishatangulia akili.

"Kaka yangu, mwalimu. Aliondoka mtoto, amerudi mwanamume. Siku hizi ametulia, anakaa kimya kutwa, hamsumbui mtu."

Darasa likapiga makofi. Nukta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitaka kumwambia afute yote yale, kwamba mwenye kosa ni mwalimu wake. Akamtazama usoni akitafuta kejeli, walau chembe, apate pa kushika. Hakuiona. Msichana alikuwa amesimama na kalamu mkononi, anasubiri kusikia amepata ngapi.

"Kumi," akasema Nukta, "zote kumi," na wenzake wakaanza kunakili jibu lake.