Jaji Kwenye Kiti cha Mama

Jamani, mama kamkomesha! Si yule jaji wa mdahalo wa shule, aliyemkatiza mdogo wangu katikati ya hoja mpaka ukumbi mzima ukacheka? Leo kaingia saluni kwetu kusukwa, anawahi harusi ya kaka yake. Mama akasuka nusu kichwa, akaweka chanuo chini.

"Dada, mbona umeacha?"

"Nasubiri binti yangu amalize hoja yake."

Mdogo wangu akasimama mbele ya kioo, akaanza upya, taratibu kabisa, huku simu ya jaji inaita tu.

"Mwanangu, fupisha basi!"

"Ukimkatiza tena," mama akasema, "nafumua."

Jaji akanywea. Akasikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi kutushinda wote. Ndipo mama akaendelea kusuka, akikaza nywele mpaka machozi yakamlenga mheshimiwa.